Samaki wa Shangazi Turan katika Tangi la Mkuu

Jumamosi, 14 Farvardin
Sikukuu imekwisha, wiki yetu ya kazi imeanza leo, na Shiraz nzima inatafuta pa kumtupa samaki mwekundu wa meza ya Mwaka Mpya wa Kiirani. Mimi simtupi. Namtumia! Barua ya kunithibitisha kazini iko kwa Bwana Vosoughi, mkuu wetu wa idara ya hati za ardhi. Atatia saini Jumatano. Au hatatia. Kwa hiyo nimempelekea zawadi: samaki wa Shangazi Turan, miaka mitatu, mkubwa kama kiganja, akae katika tangi la ofisini na neoni wa mkuu kumi na wawili. Hao ni visamaki vya mstari wa buluu, vinavyokwenda pamoja kama makarani waliosikia viatu vya mkuu.

Bwana Vosoughi akaweka mkono kifuani, akaniambia tangi ni langu mimi, kwa nini niombe ruhusa? Najua. Kwetu mtu husema hivyo akimaanisha toka hapa. Lakini kumpinga mkuu wa idara? Nikamtumbukiza.

Bibi Behnoush, mpiga chapa anayelisha samaki, akaniuliza kwa dhihaka eti, daktari, kinywa cha huyo mnyama umekiona? Wivu. Nikamjibu kuwa samaki huyo amekaa mezani siku kumi na tatu kati ya halua na mayai ya rangi, na hakugusa kitu.

Jumapili, 15 Farvardin
Neoni kumi na mmoja. Nimehesabu mara tatu, hawatulii. Sasa wamebanana wote nyuma ya jani moja. Bibi Behnoush anasema wana hofu. Kana kwamba hofu ni ugonjwa! Mimi ninayo tangu niajiriwe, na afya yangu ni njema.

Mwekundu amenawiri.

Jumatatu, 16 Farvardin
Saba. Nimesoma kwamba neoni wakiwa wachache hukosa raha, wanataka wenzao. Saa ya chakula nikakimbia sokoni, nikaleta sita. Kitaalamu kabisa. Bibi Behnoush akasema hongera, kaka, hata yule mwekundu umemkumbuka kwa chakula cha mchana. Ulimi gani huo!

Jioni: wanane.

Jumanne, 17 Farvardin
Watano. Saini ni kesho. Lakini akili inafanya kazi: nimebandika kioo cha kujitazamia nyuma ya tangi. Watano wamekuwa kumi! Wanapungua wawili tu, na mtu mwenye cheo hahesabu samaki.

Jumatano, 18 Farvardin
Alihesabu. Kisha akauliza, kwa upole, yule mwekundu wa pili ametoka wapi. Nikafungua mdomo kujibu. Mwekundu naye akafungua wake. Neoni mmoja akatoweka mbele ya idara nzima, na mwingine kwenye kioo. Nikasema ni mchezo wao.

Hakunifokea! Aliikunja barua yangu, akaitia mfukoni, akaweka mkono kifuani, akasema idara ndogo kama hii haimstahili kijana mwenye kipaji changu. Hatimaye mtu ameona! Bibi Behnoush akaleta boksi, akanifungia kikombe na kalamu zangu bila hata kuombwa. Nilimdhania vibaya. Nikakubaliana na mkuu kwa moyo wote, nikamwuliza hiyo idara kubwa iko ghorofa ya ngapi.

Akasema nisijisumbue kuja kesho. Kazi mpya sijaianza, na likizo tayari ninayo!