Askari, Utepe Mwekundu na Mguu wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimepata aibu nyumbani kwangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Ngojeni kwanza, msianze kucheka.

Mnajua nina paka. Anaitwa Askari. Nilimleta kwa sababu panya walikuwa wanatafuna vitambaa vya wateja, na fundi cherehani akirudisha nguo yenye matundu hapa Ndhiwa, jina lake limekwisha. Askari akawamaliza panya. Basi akabaki bila kazi, nami nikampa nyingine: kushambulia miguu yangu. (Sijui nilikuwa nafikiria nini.) Nikitoka kwenye cherehani najifunga kitambaa chekundu kwenye kidole cha mguu, nauchezesha mguu, Askari anaruka, anang'ata, mimi nacheka na kumsifu. Kitambaa chenyewe kilibaki nilipokuwa nashona bendera za shule mwaka ule wa Uhuru.

Mke wangu, Akinyi, alinikanya. "Fundi, unafundisha paka kuuma watu."

"Namfundisha kuwa mkali!"

Sasa, mama yake Akinyi hakuwa amekanyaga hapa kwetu. Anakaa Karungu, kando ya ziwa. Aliposikia binti yake ameolewa na fundi cherehani, alisema mwanaume asiyeingia ziwani wala shambani atamlisha mtoto wake nyuzi. Maneno hayo yamemuuma Akinyi tangu harusi. Kwa hiyo aliposikia mama anakuja, hakulala vizuri, na mimi vilevile. Nilitaka mama huyu arudi kwake na neno jema juu yangu, hata moja tu.

Nikaamua kumshonea nguo. Lakini kwetu mama mkwe haguswi, hata mkono hapewi. Utampimaje? Akinyi akasema, "Mimi na mama tuko sawa." Nikampima Akinyi. Nguo ya buluu, nzuri kabisa, na kwenye pindo nikaizungushia utepe mwekundu. (Ndiyo. Kitambaa kile kile.)

Leo wakafika, mama na wanawake wenzake, na kikapu cha samaki wakavu. Niliwasalimu kwa mbali, nikakaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, macho chini, mkwe mwenye adabu zake. Akinyi akampeleka mama chumbani kuijaribu nguo.

Akatoka. Mungu wangu! Sawa gani? Akinyi amemzidi mama yake kichwa kizima! Nguo ilikuwa inafagia sakafu. Hata hivyo wanawake walipiga vigelegele, na mama akakaa kwenye kiti kando ya meza akitabasamu. Nilifurahi kupita kiasi. Yeye naye alifurahi, maana alianza kuchezesha vidole vya miguu, taratibu, na utepe ukawa unacheza navyo.

Hapo ndipo nilipomwona Askari chini ya kabati. Macho yamemtoka. Mkia unapiga sakafu. Makalio yanatikisika.

Nilijua kinachokuja. Lakini ningesema nini? "Mama, ficha miguu"? Hayo si maneno ya mkwe.

Akaruka.

"Yawa! Nyoka! Nyoka!" mama akapiga kelele.

Desturi yote ikanitoka kichwani. Nikajirusha chini ya meza nimkamate paka, nikakamata kitu, nikakishikilia kwa nguvu zangu zote. Nilipofumbua macho, Askari alikuwa juu ya kabati, kipande cha utepe mdomoni. Nilichoshika kwa mikono miwili ni mguu wa mama mkwe.

Niliuachia, nikatoka mbio, nikajificha nyuma ya ghala. (Mwanaume mzima, na futi ya kupimia shingoni.)

Nikiwa pale nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Hiyo paka itiwe kwa gunia, itupwe mtoni." Nikaumia kweli. Askari alikuwa amefanya kosa gani? Alifanya kile nilichomsifia kila siku. Mkali nilimtaka mimi, halafu gunia aingie yeye. Nikamfikiria na Akinyi, alivyoingoja siku hii. Nilikaribia kulia.

Kisha sauti ya mama mkwe. Alikuwa anaongea na binti yake, ila kwa sauti ya kunifikia, jinsi wakwe wanavyozungumza.

"Akinyi, hii paka nani alifundisha?"

Akinyi akasita. "Ni fundi, mama."

"Basi paka isitupwe. Ambia fundi afunge hiyo kitambaa kwa kamba mrefu, mbali na miguu ya watu. Paka akishika, ampatie kichwa ya samaki, mchezo iishe. Kwetu paka ni wengi pale kwa samaki, na hakuna inauma mtu. Hakuna mtu anawapatia mguu wake."

"Ndiyo, mama."

Nikadhani amemaliza.

"Na umwambie tena, mguu yangu sasa ameshapima. Akuje achukue hii nguo, akate."

Wanawake wakaangua kicheko. Akinyi naye alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi, huku akimwosha mama alama za kucha kwa maji ya chumvi. Nami nikacheka peke yangu nyuma ya ghala.

Sasa hivi naipunguza nguo. Utepe nimeutoa. Askari amelala chini ya cherehani, amekula kichwa cha samaki, jicho moja liko kwenye kamba yake.

Kesho nafungua kama kawaida. Mwenye kitambaa alete. Anayetaka kuniuliza kipimo cha mama mkwe, aende kwa fundi mwingine.