Protini za Mama

Jumanne, 17 Juni 2025
Mama kapotea asubuhi. Nimemkuta stendi ya Mbeya na ndoo, anauliza gari la Chunya, akachote maji. Chunya tulihama nikiwa darasa la tatu. Nimeamua dada yangu Shufaa asijue. Saa nne Shufaa kapiga simu kutoka Iringa, jirani kashamwambia. Anasema Jumanne ijayo tumpeleke Mama kwa daktari. Akikutwa mgonjwa, atahamia kwake Iringa. Yeye ni nesi, anadhani kila mzee ni wa kwake. Nyumba hii bila Mama nitakaaje?

Jumatano, 18 Juni
Nimemtangulia Shufaa. Nimekwenda kwa Daktari Apolonia, nikadai namuulizia rafiki. Kanichorea. Protini ni kama uzi mrefu unaojikunja na kupata umbo lake. Ukijikunja vibaya, unanasana na mwingine, na mwingine, mpaka zinakuwa mabonge kwenye ubongo, na mtu anaanza kusahau. Wataalamu wanayachunguza maumbo hayo kwa darubini kubwa, watafute dawa itakayopenya. Kaeleza mengi. Mimi nimeondoka na neno moja: protini. Maharage, mayai na dagaa vyote nimegawa kwa majirani. Leo nimepumua kidogo.

Ijumaa, 20 Juni
Siku ya pili ya ugali na kabichi. Mama kauliza kama tuna msiba. Namfundisha mtihani, maana daktari alinitajia mfano wa maswali. Siku, mwezi, mji, halafu maneno matatu ya kukumbuka: kitabu, paka, mwavuli. Kayashika baada ya mara arobaini hivi. Nimejijaribu na mimi, neno la tatu likanitoka. Jasho, na baridi yote hii.

Jumatatu, 23 Juni
Shufaa kafika na kuku wa kukaanga. Mama anakula, mimi nahesabu vipande, kila kimoja nakiona kinapanda kichwani. Cha nne nikamnyang'anya. Mama akalia. Ikabidi nieleze. Shufaa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. Akasema protini hizo mwili unazitengeneza wenyewe, nyama inasagwa tumboni kama chakula kingine.
"Kaka Muhidini," akasema, "umemshindisha Mama na njaa siku tano."
Nikamrudishia Mama kipande chake.

Jumanne, 24 Juni
Mtihani. Daktari kauliza leo ni siku gani. Mama kajibu: kitabu, paka, mwavuli. Kaulizwa tupo mji gani. Kitabu, paka, mwavuli. Daktari akamuuliza nani kamfundisha. Mama akaninyooshea kidole.
"Kijana huyu. Anafundisha vizuri, ila kwake hakuna kitoweo."
Daktari akamuuliza kama ananifahamu. Mama kaniangalia muda mrefu, kwa adabu, kama mteja anayeangalia kitambaa asichotaka kununua. Akasema sura si ngeni.
Nimetoka nje. Shufaa kanifuata, akasimama karibu yangu. Daktari anasema vipimo vingine vinafuata, na dawa ya kuondoa ugonjwa kabisa bado. Ale vizuri, atembee, asihamishwe nyumba aliyoizoea. Shufaa kakubali Mama abaki Mbeya. Yeye ndiye atakayekuja, kila mwisho wa mwezi. Nimeshinda, na sina furaha.

Ijumaa, 27 Juni
Shufaa kaondoka na basi la asubuhi. Kaniapisha nisibuni kitu kingine. Nimeapa. Nikaingia jikoni, nikakuta mafuta ya kupikia yameganda kwenye chupa, kama kila Juni. Nikayasogeza karibu na jiko. Baada ya dakika kumi yameyeyuka yote, safi kabisa. Nikasimama pale nikifikiria mabonge ya Mama.
Nimenunua kofia za sufu nne. Mama kavaa tatu, moja juu ya nyingine. Kauliza kama tunasafiri. Nimemwambia bado kidogo.
Ya nne nimevaa mwenyewe.