Paja la Mwenye Ardhi

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu ya Mashujaa hapa Uganda. Nchi nzima imepumzika isipokuwa maharage yangu. Wawindaji wamepita juu yake tena! Mbwa wenye njuga shingoni, wanaume wenye mikuki, wote wanamkimbiza ndezi mmoja ambaye nadhani hata hayupo. Waliingilia kwenye kile kipande cha ardhi kilicho kati yangu na Mama Nafuna, jirani yangu hapa Wanale, wakatokea mlangoni mwa jiko langu.

Nikatoa silaha yangu. Huku Mbale Kiswahili ni lugha ya jeshi. Ukikitamka kwa sauti nene, watu wazima wanaanza kutafuta vitambulisho. Na mimi nimezaliwa Bungoma, Kenya, ninacho cha kumwaga. Nikanguruma: simama hapo, nani amewapa ruhusa! Wakasimama. Hata mbwa wakasimama. Raha iliyoje! Halafu kiongozi wao akanipigia saluti na kuniuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, afande ni wa kikosi gani. Kumbe ni Afande Okiror, askari magereza, yuko likizo. Nikasema kikosi cha tatu. Akauliza cha tatu cha wapi. Nikakumbuka kwamba nimeacha chungu motoni.

Mke wangu Gorreti amecheka mpaka chakula cha jioni. Yeye ni Msoga wa Jinja, Kiswahili hakisomi. Ndiyo maana haya nayaandika kwa amani.

Jumanne, 10 Juni

Mambo yameiva. Mwenyekiti wa kijiji anakuja Jumamosi kuamua mpaka. Mama Nafuna anadai kipande kile ni chake mpaka ukutani mwa jiko langu. Uongo mtupu! Ni cha marehemu mjomba wangu, aliyeniachia shamba hili. Kina migomba, kina mibuni, na zaidi ya yote kina choo changu. Mtu ananyang'anywaje choo? Shida ni kwamba misale aliyoipanda mjomba kuonyesha mpaka ilikufa zamani, na mashahidi wake nao wamekufa.

Lakini nimepata ujanja. Nimekutana na Okiror dukani, akanieleza desturi ya wawindaji wa huku bila kujua thamani ya maneno yake. Mnyama akianguka, mwenye ardhi aliyoangukia hupewa paja. Mwaka jana mmoja alianguka kwenye kipande kile, na paja akala Mama Nafuna. Ndiyo maana ana kiburi! Basi kazi ni moja. Mnyama aanguke pale kabla ya Jumamosi, paja nile mimi, kijiji kione. Mwenyekiti atakuwa na nini tena cha kuuliza?

Nimemwambia Okiror ajisikie nyumbani, maharage yangu ni maharage yake. Amenitazama kwa muda mrefu.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Jinja kwa shemeji Gaster, pale Masese, kuchukua mbwa. Mwenye ardhi hawezi kutegemea mbwa wa wenzake. Shemeji ameapa kwamba Tyson ni mkali kupindukia, hata yeye mwenyewe anamwogopa.

Tumefika nyumbani jioni. Tyson ameona kuku, akaingia chini ya kitanda. Amelelewa mwaloni, wanakoshusha samaki, na hajui chakula kingine ila mukene, dagaa wa ziwani. Gorreti ameuliza kama mbwa huyu atawinda au atavua. Nikamwambia asubiri. Mbwa mkali kweli haonyeshi ukali wake siku ya kwanza.

Ijumaa, 13 Juni

USHINDI!

Wawindaji walikuja asubuhi. Mimi nilivaa shati safi, nikakaa mbele ya nyumba kama mwenye ardhi. Njuga, makelele, kisha mtu akaita kwamba mnyama ameanguka. Nyuma ya choo changu kabisa! Nilipofika walikuwa wameshamchuna, haraka ya ajabu. Okiror akasema ni paa. Wenzake wote wakatazama juu mlimani. Heshima, nadhani.

Mama Nafuna alikuwa pale pale migombani, ameona kila kitu. Akaulizwa paja apewe nani. Akasema kwa upole kabisa, mpeni Nyongesa, leo kipande ni chake. Amesalimu amri! Karibu nimkumbatie.

Paja nimelibeba begani mpaka madukani, polepole, nikarudi kwa njia ndefu. Kila niliyekutana naye nimemweleza paa alianguka wapi na shamba ni la nani. Gorreti amelipika vizuri, ila anasema paa huyu ana ladha ya mbuzi. Nikamwambia mtu aliyekuzwa kwa samaki aniachie mimi mambo ya nyama.

Tyson hakuonekana mchana kutwa.

Jumamosi, 14 Juni

Siwezi kuandika. Ngoja niandike.

Mwenyekiti alifika na watu wengi kuliko nilivyotegemea, lakini bila kamba ya kupimia. Kwanza, akasema, anamtafuta beberu wake. Beberu wa mahari ya kijana wake, alitoroka jana akiburuta kamba ya buluu, na wakwe wako njiani. Hapo hapo Tyson akatoka nyuma ya jiko na kamba ya buluu mdomoni. Akaiweka miguuni pa mwenyekiti huku anatikisa mkia. Tangu aje hapa, ndiyo mara ya kwanza analeta kitu!

Nikasema muulizeni Afande Okiror. Okiror amerudi kazini leo alfajiri, likizo yake imekwisha. Mwenyekiti akasema desturi ya mawindo anaijua vizuri: anayepokea paja kama mwenye ardhi ndiye anayejibu kwa kilichoanguka. Kisha akaniuliza taratibu:

"Kipande hiki ni cha nani?"

Watu wote wa madukani walikuwepo. Gorreti alikuwa anatazama chini. Nikapiga hesabu ya bei ya beberu wa mahari.

"Si changu, mzee. Hakijawahi kuwa changu."

Nikaongeza kwamba paja nilionja tu, kama mgeni. Mama Nafuna akasogea mbele, hana hata haraka.

"Basi ni changu mimi. Beberu nitamlipa kwa beberu wangu."

Miche ya misale alikuwa nayo tayari kikapuni, imeshatiwa maji. Wameipanda hapo hapo, ukutani mwa jiko langu, na mwenyekiti akaweka sahihi. Beberu mmoja! Kwa migomba, mibuni na choo! Nimeumia, sitadanganya. Mjomba alilima pale mpaka mgongo ukapinda, na mimi kipande nimekitoa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Choo kina kufuli. Ufunguo anao Mama Nafuna. Hakatai kuutoa, siwezi kumsingizia, ila kwanza anataka habari za nyumbani, za Bungoma, za mvua. Na mtu umebanwa! Gorreti amesema tuchimbe kingine katikati ya shamba letu, mbali na mpaka wowote, tukae kimya. Mwanamke huyu haoni mbali.

Mimi nimekaa nikafikiri, nikaona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa paja. Paja linaliwa, linaisha, halafu unabaki na maswali. Choo hakiliwi. Ukichimba choo mahali, nani atabisha kwamba pale ni pako? Na kule chini napakana na jirani mwingine, Bushira, na huko mpaka haujulikani vizuri.

Nimeanza baada ya ibada, ndani kidogo ya migomba ya Bushira. Alinikuta shimo limenifika kiunoni. Nilidhani atapiga kelele. Wapi! Ameniambia niendelee, tena nichimbe kirefu, maana kwake hawana choo tangu cha zamani kibomolewe na mvua. Ameniletea maji ya kunywa na sururu nzuri kuliko yangu. Kesho ataleta magogo ya kufunikia. Mama Nafuna alipita, wakanong'onezana, wakacheka mpaka Bushira akakaa chini. Jirani mwema kama huyu sijawahi kupata.