Ombi la Kumrudisha Kija Kwenye Plau

Manyanda, mkulima na mfugaji,
Mwamkulu, Mpanda.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mama Libérate,
Mwenye malori,
Nsemulwa, Mpanda.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO JUU YA WEMA WAKO KWA DEREVA KIJA

Salamu nyingi zikufikie hapo Nsemulwa, wewe na wote wanaokula kutokana na malori yako. Sisi huku hatujambo, ng'ombe hawajambo, na mpunga umeanza kuchanua. Mimi ndiye baba yake Kija, yule dereva wako mpya, mrefu, anayepeleka mchele Tunduma. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamika kwamba mwanangu hajaacha kazi.

Naomba nieleweke. Hapa kwetu vijana wanaondoka kwenda kuendesha malori, na vijana wanarudi. Huo ndio utaratibu. Leonidas, mtoto wa jirani, alirudi kabla mama yake hajamaliza kutangaza kanisani kwamba ameondoka. Cletus wa nyumba ya pili alidumu kidogo, akarudi bila viatu. Mtoto akirudi tunachinja, anatusimulia mabosi walivyo, tunamcheka, na kesho yake anashika jembe. Kwa hiyo Kija alipopata leseni akaniachia plau na maksai wawili, sikubishana naye. Nilifunga mbuzi jike mnono nyuma ya nyumba, nikamwambia mke wangu Lucia asimguse, huyo ni wa siku Kija atakapoacha kazi. Mama Libérate, mbuzi yule amezaa akisubiri. Watoto wake nao sasa wananitazama.

Nimechunguza kosa liko wapi, nimekuta liko kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unafundisha. Bosi wa Leonidas alimpa ufunguo, akamwonyesha barabara kwa kidole, akaingia ndani kunywa chai. Kijana akakutana na tope lake la kwanza akiwa peke yake na lori limejaa, akakwama, akaona haya, akarudi kwa wazazi wiki hiyohiyo. Wewe ulimkalisha Kija pembeni ya dereva wako wa zamani, Mzee Aristide, msimu mzima, amwonyeshe wapi pa kupunguza gia na wapi pa kusimama kula. Mtu aliyefundishwa hivyo ataona haya saa ngapi?

2. Huna matusi. Kwa mabosi wengine tairi likipasuka, aliyelipasua ni dereva, hata kama msumari ulikuwapo barabarani kabla hajazaliwa. Tairi la Kija lilipopasuka, ulimuuliza kwanza kama ameumia. Alitusimulia hayo tukiwa tunakula, mama yake akafuta machozi, na mimi ugali ukanishinda. Bosi gani anauliza habari za mtu kabla ya tairi?

3. Unapokea simu. Hili ndilo baya kuliko yote na naomba ulisome mara mbili. Lori lilipomzimikia Kija katikati ya hifadhi, aliweka matawi barabarani kama kawaida, tembo wakavuka mbele yake, mbung'o wakamuuma, akakupigia. Ukapokea. Ukamwambia apande, afunge vioo, asishuke, na ukawa unampigia kila baada ya muda mpaka fundi alipofika na spea, tena na wali. Sasa Cletus naye lori lilimharibikia mlemle hifadhini. Alimpigia bosi wake mpaka chaji ikaisha. Alikaa mle na kiu yake, na alipotolewa aliacha ufunguo kwenye kiti, na tangu hapo hapandi hata baiskeli. Anayetaka kujua kwa nini madereva wapya wanaacha kazi asiende mbali, amuulize Cletus. Atamwambia si mzigo wala si tembo, ni ile simu kuita bila mtu. Nakuomba na wewe usipokee. Mara moja tu inatosha.

4. Unamruhusu apite nyumbani. Akija kupakia mchele huku kwetu anapiga honi mara tatu. Mama yake anatoka mbio na unga mikononi. Maksai nao wameshaizoea. Wakiisikia wanasimama katikati ya shamba na kugeuza vichwa, na mistari yangu ya plau inakwenda kama nyoka. Msimu uliopita majirani waliniuliza nilikuwa nalima au nilikuwa nimelewa. Honi ipigwe marufuku.

5. Umeharibu mtaa. Leonidas, ambaye tulishamchinjia na nyama yake tukala, sasa anataka kurudi kwenye malori, ila kwako tu. Vijana wengine wanamfuata Kija kila akija likizo kumuuliza kama una nafasi. Mambo yakienda hivi Mwamkulu tutabaki wazee na mbuzi, na mbuzi watatuzidi. Mpunga utakosa wa kuulima, na nyie wa malori mtakosa cha kupakia. Utakuwa umejifilisi mwenyewe kwa upole.

Kwa hiyo naomba, kwa faida yako, uanze kumfokea walau mara moja kwa wiki. Kama huna mazoea, niko tayari kuja Nsemulwa kukufundisha bure. Nina uzoefu wa kutosha. Mimi nilimfokea Kija nyuma ya maksai tangu akiwa mdogo, kila mstari ulipopinda, na umeona mwenyewe alivyoondoka.

Nisalimie Mzee Aristide, fundi, mlinzi wa getini, mama anayewapikia chai hapo gereji, na watoto wako wote. Lucia anakusalimu sana, ila hajui nimeandika nini. Nabaki nikingojea ukali wako.

Mimi niliyeonewa kwa wema,
Manyanda, baba yake Kija.

N.B. Barua ilikuwa bado iko mezani Kija alipoingia, kwa miguu, bila honi. Anasema lori lilizima tena mle hifadhini, akakupigia mpaka akachoka, na hukupokea. Wamevutwa na lori la watu hadi Sitalike, nje ya hifadhi. Utingo amebaki nalo, na yeye amekuja kutuambia kwamba anaacha kazi.

Ndilo nililoliomba. Lucia alikuwa ameshatoka kwenda kumfungua mbuzi. Nilifungua mdomo nimkaribishe mwanangu nyumbani, nikajikuta nauliza kwa nini yule mama hakupokea, amepatwa na nini. Niliogopa, Mama Libérate. Nilimwona mwanangu mle ndani anaita na haitikiwi. Kisha nikamwambia kwamba mtu aliyekupokelea simu siku zote, akikosa siku moja, humkimbii, unakwenda kumjulia hali. Kija aliniangalia sana. Sikuwa nimefoka, nadhani ndicho kilichomshangaza.

Mbuzi tumemchinja, lakini ni wa kumsindikiza. Kesho anarudi Sitalike kwenye lori, kisha anakuja kwako na barua hii pamoja na paja moja. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo isome kwa kuigeuza: nilipoandika usifanye, fanya. Kama unaumwa, pole sana, hilo paja lichemshwe supu. Kama huumwi, pokea simu.

Na honi apige. Mistari nitainyoosha mwenyewe.