Hadithi Isiyo na Neno la Kweli

Itangazwe kwa heshima zote kwamba mwaka 1938 Eldoret ilipata Mashindano ya Mashairi na Hadithi za Kubuni, na mimi, Stephen Murunga, Karani na Mkalimani wa Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, ndimi niliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati. Kanuni niliandika mwenyewe, Bwana Disii akagonga muhuri. Kanuni ya Nne: hadithi iwe ya kubuni tupu, neno la kweli likionekana, alama kumi zikatwe. Mshindi ataomba jambo moja na atapewa.

Kamati ilikuwa mimi, Mwalimu Kipyego, na Mama Tryphosa wa kanisani, aliyeteuliwa kwa sababu alikuja na kiti chake. Mashairi hayakutusumbua. Yote thelathini yalisifu josho la ng'ombe, kwa hiyo yote yalipita.

Hadithi ndizo zilizotutoa jasho. Moja ilitaja njaa: kata kumi. Nyingine ilikuwa na mnyapara mlevi: kata kumi. Ndipo tukafikia ya Wasike, kibarua wa shamba moja kule Yamumbi. Mkataba wake ulikuwa umeisha zamani, lakini tajiri wake alikataa kutia sahihi kwa kipande, kile cheti chake cha kazi, na bila hiyo angekamatwa njiani. Mkewe Namalwa alijifungua huko nyumbani. Mtoto sasa anatembea, na baba hajamwona.

Wasike aliandika: "Vibarua wa wilaya hii hula wakashiba. Hulala katika nyumba kavu. Mkataba ukiisha huachiliwa siku hiyo hiyo, na wengi hulia wakiambiwa waende."

"Woi! Huyu anajua kudanganya!" Mama Tryphosa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nimetafuta ukweli mara tatu," alisema Kipyego. "Hakuna."

Tukampa mia kwa mia. Nilihisi kama nimewahi kuisikia mahali, lakini kazi nzuri huwa hivyo.

Siku ya sherehe Bwana Disii aliisoma mwenyewe mbele ya masetla na mabibi zao. Alipofika sentensi ya tatu, shingo ikawa nyekundu.

"Hii ni ripoti yangu ya mwaka!"

Kumbe! Ile niliyotafsiri barazani, Wasike akiwa amesimama kwa mvua, akaishika yote kichwani. Iliniuma sana. Tafsiri ni yangu, na hakuna aliyenitaja.

"Umeiba!" Bwana Disii alimfokea Wasike.

Wasike akavua kofia. "Bwana mkubwa, kama ni yako, basi zawadi ya kubuni ni yako. Kama ni yangu, naomba sahihi."

Bwana Disii akatazama uamuzi wa Kamati: hakuna neno la kweli. Chini yake, muhuri wake mwenyewe. Akaomba kalamu, akatia sahihi kwa kipande. Wasike hata chai hakungoja.

Mwaka uliofuata nilisimama barazani na ripoti mpya, Bwana Disii ameketi kando yangu. Nilikuwa nimefika tu pale "hula wakashiba," Mama Tryphosa akainuka.

"Karani, keti chini. Hiyo tulishaipa zawadi."