Mrudishe Shangazi Dukani

Kwa Ndugu Mwongozaji wa Filamu ya "Dobi wa Sayari ya Saba",

Kuhusu: Kifo cha Shangazi, na mambo mengine yaliyoharibika

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, ni karani wa masijala, na ndiye anayeandika haya mimi nikisema. Ananiambia barua ya ofisini huanza kwa upole. Haya, nakuuliza hali kwa upole. Hujambo, mwanangu? Unalala vizuri? Chakula kinapita? Nashukuru kusikia. Wengine hakipiti.

Mimi sikusoma. Nakuambia mapema usije ukaambiwa na watu. Shule niliiona kwa nje tu, nikaona ina madirisha mazuri, nikaendelea na safari yangu. Lakini kitabu cha "Dobi" nakijua kuliko wewe uliyekitengenezea filamu, maana nimekisikiliza chote, tangu duka la dobi linapong'oka ardhini na kupaa na nguo za wateja, hadi lile koti la mikono mitatu linapofikishwa sayari ya saba na kumbe mwenyewe siye. Siku ya sura hiyo tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akajichoma sindano.

Ilikuwa hivi. Miaka thelathini iliyopita tulikuwa wanawake saba, tunashona sare za wauguzi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari. Asubuhi ilikuwa ya cherehani, na cherehani saba zikianza, hata nyumba ikiwaka moto hakuna atakayemsikia mwenzake. Alasiri ilikuwa ya kazi ya mkono: vifungo, vitundu, pindo. Hapo palikuwa na utulivu. Kati yetu aliyejua kusoma sawasawa ni mmoja tu, tukamwita Mama Miwani, tukapatana kwamba alasiri asishike sindano, atusomee, na vifungo vyake tutavigawana sisi. Hatukupoteza kitu. Vifungo alivyoshona yeye vilidondoka kabla nguo haijafika mlangoni.

Chumba kile siku hizi ni ghala la matairi, nasi tumebaki wanne. Lakini kila Jumamosi wenzangu huja sebuleni kwangu, tunashona nguo za watoto wachanga, na Mama Miwani anatusomea chochote kilichopo: gazeti, karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya dawa, siku moja hata maelezo ya jinsi ya kusafisha jiko. Tulikuwa tunaishi hivyo vizuri tu. Ukaja wewe na filamu.

Tulikwenda sote wanne, tumevaa tukapendeza. Tangu tulipotoka ukumbini, wiki mbili leo, Mama Miwani amejifungia kwake. Tukigonga anajibu kupitia dirishani kwamba anapumzika. Mtu anapumzika wiki mbili, kwani amelima nini? Jumamosi mbili tumeshona kimya kama tunashona sanda. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Mengine yote utakayosoma humu ni bitana.

Mkwe wangu anasema malalamiko yapewe namba. Tumpe namba zake.

1. Koti. Nani alikushonea lile koti? Usimtaje, huenda ana watoto. Mkono wa tatu umebandikwa kifuani kama mfuko wa mkate. Mwanangu, mkono wa nguo hautokei hewani. Unatoka kwenye kwapa, na kwapa linataka nafasi. Mteja wa sayari ya saba alipoinua mikono yake yote kushangilia, koti lilipanda mpaka masikioni, tukaona bitana, na bitana yenyewe ya rangi nyingine. Umeweza kujenga sayari saba. Umeweza kurusha duka zima angani mashati yakipepea. Ukashindwa kumpata mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia na chaki. Hongera sana. Sisi mwaka ule tulilishona koti hilo kwa mabaki ya sare, tuone kama linawezekana. Linawezekana. Linataka kipande cha pembetatu chini ya kwapa. Utaalamu huo chukua, nakupa tu.

2. Pasi. Dobi anasafiri na pasi ya mkaa inayosema. Ya kwetu ilikuwa inatukana, inakohoa majivu, halafu inamsifu mtu yeyote mwenye suruali iliyonyooka. Ya kwako inang'aa kama kioo cha saluni, ina taa za buluu, na sauti yake ni ya kijana anayeuza bima. Eti "samahani, bwana." Tangu lini pasi ikaomba samahani? Ya kwetu ilimwita dobi "wewe pindo lililofumuka", ikamwita mkuu wa sayari ya tatu "kifungo kisicho na tundu". Na hayo ndiyo maneno hasa aliyokuwa akitutukania Mkasi, mkata vitambaa wetu, kutwa nzima. Tulishangaa mno mwandishi aliye mbali vile ameyasikia wapi. Mkasi alitembea kifua mbele mwezi mzima, akisema watu wa vitabu wana masikio marefu. Wewe uliyakuta yameandikwa, ukayaacha. Uliogopa yatamwudhi nani? Shati?

4. Watazamaji wako. (La tatu lipo. Mkwe wangu ananikunjia uso, lakini nimemwambia naliacha lipoe kwanza.) Nilidhani nitatoka ukumbini na hasira zangu peke yangu. Kumbe nje kulikuwa na vita. Vijana wamevaa makoti ya mikono mitatu, mkono wa tatu umejazwa magazeti, wanabishana kama ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu. Nusu wanakumbatiana na kulia kwa furaha, eti umekifuata kitabu neno kwa neno. Nusu wanazomea, eti miezi ilikuwa miwili badala ya minne. Mimi hiyo miezi hata sikuihesabu, nilikuwa natazama kwapa. Mume na mke waliokuja wameshikana mikono waliondoka kwa teksi mbili, na dereva wa ile ya pili akatangaza kwamba filamu ni bora kuliko kitabu kwa sababu inaisha.

Nikawafuata wale wa furaha. Nikawauliza, mnashangilia nini na Shangazi ameuawa mbele ya macho yenu? Mmoja, mrefu, mkono wake wa tatu umeanza kuvuja magazeti, akanijibu kwa adabu, sitamsingizia, adabu alikuwa nayo: "Lakini bibi, Shangazi anakufa hata kitabuni. Ukurasa wa thelathini na moja. Kwani umekisoma?" Nikamwambia nilikisikiliza kabla baba yako hajaota ndevu, na hivyo vitabu vyenu vya siku hizi vimepunguzwa kama mikate. Ndipo Mkasi, ambaye hajanong'ona tangu azaliwe, akamgeukia Mama Miwani katikati ya umati: "We si ndiye uliyesoma? Hebu waambie hawa watoto!"

Mama Miwani akasema kichwa kinamuuma. Akaenda zake. Hakuaga. Yeye anayeaga hata paka.

Na nani asingejifungia? Umewasomea watu kitabu kizima kwa sauti, miezi minne, koo limekauka, halafu mtoto mwenye mkono wa magazeti anakufanya mwongo barabarani. Mkasi naye ameanza kusema mafumbo, kwamba labda sote tulidanganywa. Nimemkataza kuyasema nyumbani kwangu.

3. Shangazi. Hakijapoa kitu, lakini niseme tu.

Huenda wewe umeshamsahau, maana ulimpa dakika kumi na mbili. Ni shangazi yake dobi, mzee, anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka na kazi yake ni kurudishia vifungo vilivyokatika. Katika filamu yako duka linang'oka, bati linamwangukia, muziki unalia kidogo, basi. Dobi anatazama chini mara moja, anaendelea na safari kama mtu aliyesahau mwavuli. Mwanangu, una shangazi wewe?

Sasa nikuambie ilivyo. Wiki tuliyofika hapo kitabuni, mimi nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu, aliyenifundisha kushika sindano kabla ya kijiko. Nilirudi kazini sisemi na mtu. Nashona vifungo, na tundu la sindano silioni kwa machozi. Mama Miwani akafika pale duka linapong'oka na Shangazi yuko mlangoni. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka Mkasi akamwuliza, "Unasoma, au tukurudishie vifungo vyako?" Akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, maana chumba kile kilikuwa na vumbi la nyuzi. Akaivaa. Akaendelea. Shangazi akaudaka mlango kwa mkono mmoja, kopo lake la vifungo liko mkono wa pili, akasema: "Hamwendi popote na mashati yasiyo na vifungo!" Akavutwa ndani.

Na toka hapo yumo. Sayari ya nne anamgombeza mfalme asiye na shingo kwa kuleta shati lenye kola. Sayari ya saba ni yeye, na si mwingine, anayegundua kwamba koti si la yule mteja, kwa sababu uzi wa vifungo si uzi wake. Kwako wewe linagunduliwa na mashine. Yenye taa za buluu. Duka la taa lilikuwa linafungwa, likakugawia zilizobaki, au vipi?

Siku ile, Shangazi alipodaka mlango, nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kwa hiyo usidhani umeangushia bati mtu wa karatasi.

5. Ninachoomba. Kwa heshima zote, naomba filamu ipigwe upya na Shangazi awe mzima. Lakini kwa kuwa watu wamekwisha kumwona akifa, kupiga upya peke yake hakutoshi. Itabidi wote walioiona waitwe, waketi kwenye viti vile vile, waoneshwe ya kweli, na waliolia wapewe nafasi ya kuyarudisha machozi. Yule mrefu wa magazeti akae mbele. Kisha yule mama aliyeigiza Shangazi aje kwa miguu yake mwenyewe, ampigie hodi Mama Miwani, amwambie: "Ulisoma sawasawa, mimi mzima, fungua mlango." Kama mama huyo ana kazi nyingine, uje wewe. Kama nawe una kazi, zisimamishe hizo sayari kidogo, haziendi popote. Na ikiwa hayo yote yanakushinda, basi vitabu vyote vyenye Shangazi mfu vikusanywe, nyumba kwa nyumba, virudi kiwandani vikachapwe kama cha kwetu.

Ushahidi ninao. Kitabu chenyewe tulichosomewa kimo sandukuni kwangu, kimefungwa ndani ya foronya. Mama Miwani alinikabidhi siku tulipofunga karakana, akasema kati yetu sote mimi ndiye nitakayekitunza vizuri, na nimekitunza. Sijakifungua hata siku moja, ningekifungulia nini? Mkwe wangu atanakili ukurasa wa thelathini na moja, auambatanishe hapa, ujionee kwa macho yako.

Nimalizie hapo, chai inapoa. Msalimie mama yako, na mkeo kama bado anakuvumilia. Wasalimie wapiga picha, wabeba nyaya, na yule aliyeipaka pasi rangi, mwambie nimemsamehe nusu. Aliyeshona koti msalimie sana. Yule mama wa kuigiza Shangazi mwambie ale ashibe na asikae tena karibu na mabati.

Ni mimi, niliyekasirika kwa adabu zote,

Bibi wa vifungo

Kiambatisho: ukurasa mmoja

Nyongeza. Kiambatisho hakuna.

Mkwe wangu alikifungua kitabu mezani ili anakili. Akakifunga tena. Nikamwambia soma. Akasema, "Mama, chai yako inapoa." Nikamwambia soma wewe! Akasoma.

Shangazi anakufa, mwanangu. Ukurasa wa thelathini na moja, mistari miwili tu, hata muziki hana. Na mistari hiyo miwili imekatwa kwa chaki, chaki nyekundu ya fundi, mpaka leo haijafutika. Nikasema tafuta huko mbele, atakuwa amepanda baadaye. Ametafuta mpaka mwisho. Mfalme asiye na shingo yupo, hagombezwi na mtu. Koti linagunduliwa na mashine. Taa zipo, tena za buluu. Na pasi inasema "samahani, bwana."

Ile miwani haikuwa na vumbi.

Basi la pili, la tatu, la nne na la tano yafute. La kwanza libaki, kwapa ni kwapa. Kitabu umekifuata vizuri, maskini, ulikuwa huna kingine. Yule kijana mrefu ukimwona mwambie alisema kweli, na ule mkono aushone mdomo magazeti yasitoke. Usimwite mtu, usimlete mtu. Shangazi wenu mwacheni apumzike. Wa kwetu hajafa. Mkasi nimekwisha kumwambia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake amenong'ona.

Nimevaa viatu. Sendi kumwuliza mtu kitu chochote. Nitaketi mlangoni kwake na kopo langu la vifungo, nimwambie kuna mashati hayana vifungo huku nje, na sisi tunataka kujua Shangazi alifanya nini sayari ya nane.

Kitabu nimekirudisha sandukuni.