Safu Sitini za Blanketi la Mjukuu

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Leo ulimi wangu umenitangulia. Naandika haya nikiwa mtulivu, ila utulivu wenyewe umefika saa nne baada ya kuhitajika.

Binti yetu alikuja na mumewe kula chakula cha mchana. Mimba ni ya kwanza. Daktari amekadiria zimebaki wiki mbili na ushei ajifungue. Alikuwapo pia baba wa mumewe, mkwe mwenzangu, seremala, mtu asiyejua kukaa bila penseli sikioni. Akatangaza kwamba kitanda cha mtoto anakitengeneza yeye, kwa mikono yake, bila msumari hata mmoja. Watu wakamsifu. Nami nikamsifu, kwa kiasi. Ndipo akanigeukia na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Na wewe Maalim, mjukuu utampa nini, mbali na dua?"

Wakacheka! Hata bibi yangu, mamake binti, alicheka, akajifanya anakohoa.

Nikasema nitamfumia blanketi. Kwa krosheti. Kwa mikono yangu hii.

Sijawahi kushika kulabu ya krosheti tangu nizaliwe. Mkwe akanitaka niahidi mbele ya wote kwamba mkono wa bibi yangu hautaligusa, maana yeye ni hodari wa kazi hiyo na makochi yetu yote yamevikwa vitambaa vyake. Nikaahidi. Binti akalengwa na machozi. Alisema nimemnunulia vitabu, nimemwandikia barua, nimemwombea usiku na mchana, lakini kitu cha mkono wangu hajawahi kukipata. Basi blanketi jingine hatanunua. Mtoto atatoka hospitali amefungwa langu, na lisipokuwapo atatoka na shuka ya wodini.

Hapo ndipo niliposikia baridi.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Nimekwenda duka la nyuzi baada ya swala ya adhuhuri. Mwenye duka ni mama mmoja mchangamfu kupita haja. Akanichagulia kulabu nene na uzi wa rangi ya maziwa, kisha akanipa karatasi ya maelekezo yenye kurasa mbili. Blanketi la safu sitini, kila safu nguzo sitini. Nguzo, alinieleza, ni kitanzi kirefu kinachosimama. Neno lenye heshima. Moyo wangu ukatulia.

Akasema nichukue mafungu manne ya uzi. Nikachukua mawili. Mfanyabiashara hushauri kwa faida yake.

Ukurasa wa kwanza una michoro na maelekezo yenyewe: mny, ng, gk, rk, na nyota huku na huku za kuonyesha pa kurudia. Wa pili una kichwa: "Maana ya vifupisho na tahadhari kwa anayeanza." Anayeanza! Nimefundisha chuoni miaka arobaini na mmoja. Nimefasiri vitabu ambavyo watunzi wake walibana maneno kama mtu anayelipia wino kwa tone. Karatasi ya duka la nyuzi itanishinda?

Uzi unapaswa kuzungushwa uwe donge, na donge linahitaji kitu cha kuanzia katikati. Nikaukunja ule ukurasa wa pili mara nne, nikazungushia uzi wote. Bibi yangu akasema, "Maalim, hiyo karatasi ina maandishi." Nikamfahamisha kwamba maelezo ya pembeni huwekwa kwa ajili ya wanafunzi dhaifu; mwanafunzi imara hushika matini.

Alinitazama kitambo. Akasema: "Haya."

Katika ndoa ya miaka thelathini na sita nimejifunza kuliogopa neno hilo. Leo sikulizingatia.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Nimehifadhi! Safu zote sitini, kwa moyo.

Karatasi inatoa safu nne tu, kisha inasema rudia mpaka mwisho. Huo ni uvivu wa mwandishi. Nimeziandika zote kwa kalamu, moja baada ya nyingine, daftari zima, na leo asubuhi nimezisoma ghaibu mbele ya bibi yangu bila kukwama, pamoja na nyota zake. Nilipomaliza, akauliza blanketi limefika wapi. Nikamjibu kwamba elimu hutangulia amali. Akauliza amali itaanza lini, maana miguu ya binti imevimba na mtoto hajui elimu.

Nikaanza baada ya chai. Mnyororo wa kwanza ulikaza hata kulabu ikakataa kupita. Wa pili ulilegea, ungeweza kuvulia samaki. Wa tano ukakubali. Nikafika kwenye "rk". Nikapima, nikalinganisha, nikaamua kuwa ni "rekebisha". Basi nikarekebisha: nikafumua na kufuma tena. Safu moja ina "rk" kumi na mbili. Kila nikifika, nafumua. Hadi alasiri nilikuwa nimefuma saa tano na nilicho nacho mkononi ni kirefu kama kidole.

Nilimwuliza bibi yangu, kwa njia ya mfano tu, mtu anayefuma akikutana na herufi mbili fulani huelewaje. Akasema: "Uliahidi, Maalim. Nisije nikakuvunjia ahadi." Akaendelea na kitambaa chake huku akiimba.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Hila si haramu ikiwa haimdhuru mtu.

Kila Jumatano wanawake hukusanyika uani nyuma ya duka la nyuzi na kufuma pamoja. Nikajitokeza. Nikamwambia mama wa duka kwamba ningependa kuwapa mawaidha mafupi kuhusu subira, bure, huku wao wakiendelea na kazi zao. Nilisisitiza sana hilo la kuendelea. Azma yangu ilikuwa kusimama mbele, kusema, na kutazama vidole.

Nikasema. Na kwa kweli nilisema vizuri. Sijui kama nimewahi kusema vizuri hivyo. Kufikia dakika ya tano wanawake wote kumi na wawili walikuwa wameweka kulabu chini, mikono mapajani, wananisikiliza. Wawili wanafuta machozi. Nikawasihi waendelee kufuma. Mmoja akanijibu, "Maalim, maneno kama haya mtu anafumaje?" Nikajaribu kusema vibaya. Nikarudia mambo. Nikapoteza mada kwa makusudi. Wakazidi kulia!

Aliyeniokoa ni bikizee mmoja ukutani, asiyesikia vizuri, ambaye hakujua hata kama kuna mawaidha. Yeye alikuwa akifuma na kujihesabia kwa sauti: "Nguzo nne, ruka moja. Nguzo nne, ruka moja."

Ruka! "Rk" ni ruka! Unaacha kitanzi kimoja, unaendelea mbele!

Nilikatisha mawaidha katikati ya sentensi, nikawaombea heri na kuondoka. Wamenialika tena wiki ijayo.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Safu ishirini. Kazi inakwenda kama maji mteremkoni. Matundu yanatokea yanapotakiwa, mistari imenyooka. Nimejihisi kijana.

Jambo moja dogo. Leo nimehesabu nguzo. Karatasi inasema kila safu iwe na sitini. Safu yangu ya kumi ina hamsini na moja. Ya ishirini ina arobaini na moja. Nimehesabu mara tatu, mara moja kwa tasbihi. Ninafuata kila neno, na sijawahi kusahau hata nyota moja.

Hitimisho ni moja tu: nakala imeharibiwa na wachapaji. Nimewahi kuyaona hayo katika vitabu vikubwa kuliko hiki. Nimechukua kalamu nyekundu na kusahihisha pambizoni: safu ya kumi, 51, safu ya ishirini, 41. Sasa karatasi na blanketi vinakubaliana.

Bibi yangu alipita nyuma ya kiti. Akasimama. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Nikamkumbusha ahadi. Akaenda zake jikoni, na nikasikia kicheko ambacho hakikuwa cha redio.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Nimekwenda kumjulia hali mkwe. Yaani, nimekwenda kupeleleza.

Kitanda kimesimama katikati ya karakana. Nilikitafutia kasoro kila upande, nikapiga goti, nikachungulia chini. Hakina. Mbao zimelala kama zimezaliwa pamoja. Akaniuliza blanketi linaendeleaje. Nikasema, namshukuru Mungu. Akataka kuliona. Nikasema kazi isiyokamilika haionyeshwi. Akasema, huku akinoa penseli, "Mkwe, kalamu humfichia mtu mengi. Kazi ya mkono haimfichii mtu."

Nilirudi nyumbani nikalitandaza kitandani. Safu thelathini na nane. Ukweli hauna budi kuandikwa, angalau humu: chini ni pana, juu ni jembamba. Linafanana na paa la nyumba.

Hila ya pili: nimeliloweka, nikalianika kambani, nikalibana pande za juu kwa vibanio na kuzivuta kwa mawe mawili ili zipanuke. Jioni nimelianua. Halikupanuka. Limerefuka.

Jumanne, tarehe 16 Juni

Hamsini na tano. Nguzo zimebaki sita. Siachi. Anayeacha safu ya hamsini na tano alikuwa anafuma nini siku zote?

Binti amepiga simu. Alisema nguo ndogo zote amekwisha kuzifua na kuzikunja, begi liko mlangoni, na juu ya begi ameacha nafasi. Akauliza, "Baba, linaendelea?" Nikajibu kwamba linaelekea ukingoni. Sikusema uongo.

Kisha akaniambia kwamba alipokuwa na miaka saba aliwahi kukaa nje ya mlango wa chumba changu cha vitabu, akisubiri nimalize ukurasa, akalala palepale. Alilisema hilo akicheka. Mimi sikumbuki. Baada ya simu nilikaa na kulabu mkononi, na kwa muda mrefu sikufuma kitu.

Jumatano, tarehe 17 Juni

Siku nzito. Nitaiandika kwa mpangilio.

Saa tano asubuhi nimemaliza safu ya sitini. Ina nguzo moja. Imesimama peke yake kileleni kama mnara. Na uzi umekwisha papo hapo! Mafungu mawili, sawasawa, wala hakikubaki cha kufungia kidole. Nilimwita bibi yangu nimwonyeshe jinsi nilivyokadiria vyema kuliko mwenye duka.

Hakutazama blanketi. Alikuwa akitazama sakafuni, palipoangukia kile kilichokuwa moyoni mwa donge. Karatasi, imekunjwa mara nne.

Nikaiokota. Nikaikunjua. Tahadhari ya kwanza kwa anayeanza: "Mnyororo wa kugeukia mwanzoni mwa safu ni nguzo ya kwanza. Usisahau kufuma juu yake mwishoni mwa safu inayofuata, la sivyo utapoteza nguzo moja kila safu na kazi yako itakuwa pembetatu."

Neno pembetatu limepigiwa mstari.

Nikakaa chini. Bibi yangu naye akakaa. Nikamwambia nitafumua lote na kuanza upya. Zimebaki siku, nina nguvu. Nilishika kileleni, tayari kuvuta. Simu ikalia. Mkwe wangu kijana, hana pumzi: wako hospitali tangu alfajiri, mtoto amezaliwa, msichana, wote wazima, na binti anauliza Baba yuko wapi na blanketi.

Safarini nilisoma kila dua niijuayo, na nyingine nikazirudia kutoka nyota.

Wodini alikuwapo mkwe seremala, penseli sikioni. Nikalitoa kwenye mfuko. Mkwe akalipokea, akalikunjua, akafumba jicho moja na kupitisha kidole pembeni. Nikangoja hukumu. "Mkwe," akasema polepole, "pande hizi mbili zinalingana kabisa. Umepima kwa kifaa gani?"

Kabla sijajibu, muuguzi alilichukua, akalitandaza na kumlaza mtoto katikati. Akainua ile ncha ndefu kufunika miguu, akazikunja pembe mbili kifuani, kulia juu ya kushoto. Mtoto akakaa ndani yake kama barua ndani ya bahasha. Muuguzi akasema ya mraba humpa kazi, hujui ile pembe ya ziada uipeleke wapi, na akauliza nani amebuni hii.

Binti alikuwa akipapasa nguzo moja moja kwa kidole, kama mtu anayehesabu. Kisha akasema, "Baba, hii yote umeifuma wewe?"

Nikasema ndiyo.

Muuguzi akauliza tena kama nilikusudia pembetatu. Nikajibu kwamba kila jambo lina hekima yake. Nao wakaelewa walivyoelewa. Bibi yangu akakohoa mpaka akaletewa maji.

Jumamosi, tarehe 20 Juni

Binti na mtoto wamerudi nyumbani, mtoto ndani ya bahasha yake, bahasha ndani ya kitanda cha mkwe. Wageni wamelisifu blanketi. Nimepokea sifa kwa unyenyekevu, na nimewaeleza kwa ufupi, muda wa nusu saa, faida za pembetatu.

Mkwe akasikiliza yote. Akasema, sawa, pembetatu umeweza, lakini sweta hutaweza. Sweta lina mikono.

Nikasema nitafuma sweta. La mikono miwili. Na kola! Kabla mtoto hajatimiza mwezi.

Nimepita duka la nyuzi. Mama wa duka amenishauri mafungu sita, nimechukua matatu. Karatasi ya safari hii ina kurasa tano, na nimekwisha kuhifadhi mkono wa kushoto wote. Ukurasa wa mwisho ni wa tahadhari, umejaa mistari iliyopigiwa mistari. Ni karatasi nzito, nzuri. Nimeikunja mara nne, imekaa katikati ya donge kama iliyopimwa.

Bibi yangu alikuwa akitazama. Akasema: "Haya."